Mcheza Ugenini Hutunzwa na Nani?

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Neno la mwisho la methali hii lina maana mbili. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi ngomani, noti ikabandikwa kwenye paji la uso linalotoka jasho. Kutunza pia ni kulea, kuhifadhi, kuangalia kitu kisiharibike. Ngomani maana hizo hazitengani, kwa kuwa anayebandika noti usiku ndiye jirani atakayebisha hodi asubuhi kumjulia hali mchezaji. Methali haisemi lolote juu ya anayecheza ugenini, mbele ya watazamaji walio tayari kumpa tuzo lakini wasiojua mlango wake.

Ukimya huo unawagusa wazazi wa Spånga, kaskazini-magharibi mwa Stockholm. Kanisa la kale la mawe la huko, lenye asili katika karne ya 12, liko jirani na maghorofa ya Tensta, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 katika mpango wa taifa wa kujenga nyumba milioni moja. Wengi wanaoishi katika maghorofa hayo walitoka mbali, wakiwamo watu wa Pembe ya Afrika. Mtoto mwenye mbio na mwili mkubwa huanza mapema kubeba matumaini ya ukoo mzima, hata ya jamaa ambao hawajawahi kumwona. Kabla ya kumpandisha ngazi, inafaa kuitazama safari ya kijana mmoja wa Nairobi.

Daniel Adongo alizaliwa mwaka 1989. Raga ilimtoa Kenya ikampeleka Afrika Kusini, kisha New Zealand. Mwaka 2013 klabu ya Indianapolis Colts ilimsajili kucheza kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao hakuwa amewahi kuucheza. Alifundishwa kazi ya beki wa safu ya pili, yule anayemvamia mpitishaji mpira kutoka pembeni. Desemba ya mwaka huohuo aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Magazeti ya Nairobi yalishangilia. Mwaka 2015 klabu ilimwacha. Baadaye, akiwa amerudi Kenya, zilisambaa video zilizomwonyesha katika hali iliyowasikitisha waliomjua na kuwachekesha baadhi ya wasiomjua.

Mengine ya maisha yake ni yake, wala insha haina haki ya kuyapekua. Kilicho mbele ya umma ni namna umma ulivyomtazama.

Jibu lililo karibu na ulimi ni methali nyingine: mpanda ngazi hushuka. Methali hiyo ina hekima inaposemwa na mpandaji mwenyewe. Ikisemwa na walioko chini, hugeuka udhuru. Huufanya mwanguko uonekane kama kanuni ya maumbile, sawa na embe kudondoka, na hivyo humwondolea kila mtu dhima. Lakini ngazi hii ina mafundi wake. Timu ya NFL ina nafasi 53 katika orodha yake ya msimu, na mikataba mingi haimhakikishii mchezaji malipo yote yaliyoandikwa. Klabu inaweza kumwondoa kati ya Jumapili moja na nyingine. Kwa wastani mchezaji hudumu miaka michache tu. Biashara hiyo haiharibiki mtu anapoondoka. Imepangwa kwa hesabu kwamba ataondoka.

Wala si mgeni tu anayeumizwa. Dave Duerson, Mmarekani, alikuwa beki wa nyuma wa Chicago Bears iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 1985. Alisoma Chuo Kikuu cha Notre Dame, akawa mfanyabiashara, kisha biashara ikafilisika na ndoa ikavunjika. Februari 2011 alijiua kwa kujipiga risasi kifuani, akiwa ameacha ombi kwamba ubongo wake upelekwe kwa watafiti. Walikuta ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Ingekuwa dhuluma kuchukua matokeo ya uchunguzi wa Duerson na kuyabandika kwa Adongo, kwani hakuna awezaye kupima ubongo wa mtu kwa kutazama video. Mfano huu unafundisha jambo dogo zaidi, lakini zito: watazamaji waliosema Duerson ameporomoka kwa udhaifu wa tabia walikuwa wakimhukumu mtu bila kujua kilichokuwa kikitendeka ndani ya fuvu lake.

Fasihi ya Kiswahili inaijua namna nyingine ya kuutazama mwanguko. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anayatazama magofu ya majumba ya Pate, ambamo matajiri waliishi kwa fahari. Hawacheki waliokwisha kuondoka. Anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuonya. Magofu yanamhukumu mtazamaji. Video ya simu hufanya kinyume: humtoa mtazamaji kizimbani na kumketisha kwenye kiti cha hakimu, tena hakimu asiyetakiwa kusoma faili lolote.

Hapa patatokea pingamizi la haki. Je, kuficha hakuui? Conjestina Achieng, bondia wa Kenya aliyetwaa taji la kimataifa mwaka 2004, alipopatwa na maradhi ya akili, ni habari zilizotangazwa hadharani zilizowafanya wafadhili wajitokeze zaidi ya mara moja. Kama kila jicho lingefumbwa kwa heshima, huenda angesahaulika. Sitara inayomwacha mgonjwa peke yake ni kutelekeza kulikovishwa kanzu nzuri.

Pingamizi hilo lina nguvu, na jawabu lake limo katika methali ya tatu: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha haambiwi afumbe macho. Anaona kila kitu, pengine zaidi ya ndugu wa marehemu. Anaruhusiwa kuona kwa sababu mikono yake ina kazi, na anachokiona hakitoki nje ya kazi hiyo. Basi kipimo si kama mtu ametazamwa au hakutazamwa. Kipimo ni mkono wa anayetazama unafanya nini. Mwandishi anayetangaza shida ya bondia ili apate tabibu yumo chumbani mwa mwosha. Anayeinua simu, akarekodi, akasambaza na kwenda zake, amefungua mlango wa chumba hicho ili wapita njia wachungulie. Na hata mfadhili ajiulize kama kamera aliyokuja nayo inamsaidia mgonjwa au inamsaidia yeye. Maana anayezungumziwa hapa bado yu hai. Waswahili husema hujafa hujaumbika, na methali hiyo humwonya mzima kwamba umbo lake mwenyewe halijakamilika.

Michezo ya Sweden ina kaulimbiu ya kutaka kubaki na watoto wengi iwezekanavyo, kwa muda mrefu iwezekanavyo. Klabu za mitaa huendeshwa kwa kujitolea, na wazazi huuza hata karatasi za chooni ili watoto wapate fedha za safari za mashindano. Nchi hiyo nayo ina akademia zinazochuja na kutema, kwa hiyo si pepo. Lakini mzazi anayeuza karatasi hizo anawajua watoto wa timu kwa majina, pamoja na yule asiyepangwa kamwe. Huyo ndiye mtunzaji katika maana zote mbili.

Kwa hiyo wakala atakapokuja Spånga na mkataba, pamoja na kuuliza mtoto atalipwa kiasi gani, wazazi wana haki ya kuuliza nani atabisha hodi kwake asubuhi ya siku atakayoachwa. Kama jina halipatikani huko aendako, basi litafutwe miongoni mwao, kabla hajapanda ndege.