Nyota za Shule na Macho ya Lutu

Mkataba wetu wa pango ulikuwa unaisha mwezi wa saba, na tangu mwezi wa tatu daftari lilikuwa halitoki mezani. Lilikuwa na safu nne: jina la wilaya ya shule, idadi ya nyota, pango la mwezi, na dakika za kufika kazini. Watoto wakishalala, mmoja wetu akiwa ametoka zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee na mwingine akijiandaa kwa zamu ya usiku ghalani, tulipata nusu saa ya kukaa pamoja. Nusu saa hiyo tuliitumia kuhesabu nyota.

Tunaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Tulitoka Tanzania, na Mungu ametujalia watoto watatu. Jumapili alasiri tunaabudu kwa Kiswahili katika jengo la kuazima, pamoja na ndugu waliotoka Kongo, Burundi na Kenya. Kila mwaka majira ya kuhama yanapokaribia, swali linalosikika kwenye chai baada ya ibada ni hili: "Mnahamia wapi? Na shule za huko zikoje?" Tumelisikia mara nyingi, wala hatukumbuki kuwahi kulisikia likizungumzwa mimbarani. Tumelichukua kuwa jambo la fedha na ramani. Mwaka ule tuligundua kwamba ni jambo la dhamiri pia: je, mzazi Mkristo anayemhamisha mwanawe kwenda penye shule bora anatimiza wajibu wake, au anamkimbia jirani yake?

Kwa msomaji aliye mbali, tueleze kwanza mambo yalivyo. Hapa shule za umma haziongozwi na serikali moja ya nchi. Kila eneo lina wilaya yake ya shule, yenye mipaka yake, bodi yake ya kuchaguliwa na bajeti yake. Sehemu kubwa ya bajeti hiyo hutoka kwenye kodi ya majengo na ardhi ya eneo lenyewe, na mara kwa mara wakazi hupiga kura kukubali au kukataa kuiongeza. Penye nyumba za thamani kubwa, kiwango kidogo cha kodi huleta fedha nyingi. Penye nyumba duni, wakazi hujikamua na bado hazitoshi. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio, katika kesi iitwayo DeRolph, iliamua kwamba utaratibu huo ulitegemea mno kodi ya majengo na ulikuwa kinyume cha katiba ya jimbo. Ikarudia kusema hivyo mwaka 2000 na mwaka 2002. Mwaka 2021 bunge la jimbo lilipitisha mpango mpya wa kugawa fedha za shule, lakini kodi ya majengo ingali nguzo kubwa.

Columbus ina jambo lake la ziada. Kutokana na makubaliano ya mwaka 1986, kuna mitaa iliyo ndani ya jiji ambayo watoto wake husoma katika wilaya za vitongoji vya jirani. Ndiyo maana katika daftari letu zilikuwamo nyumba mbili, zote zikiwa na anwani ya Columbus, ila watoto wa nyumba moja wangepanda basi kwenda wilaya ya jiji, na wa nyumba ya pili wangekwenda wilaya yenye nyota nyingi. Tofauti ya pango ilikuwa dola 450 kwa mwezi. Mmoja wetu alisema usiku ule, "Kumbe tunanunua mstari."

Basi, nyota zenyewe zinapima nini? Tangu mwaka 2022 jimbo hutoa ripoti ya kila wilaya kwa nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota hizo zimegawanyika. Kuna za ufaulu, zinazoonyesha wanafunzi wamefikia wapi, na kuna za maendeleo, zinazoonyesha wamesogea kiasi gani tangu walipokuwa. Ufaulu huenda sana na kipato cha wazazi. Mtoto aliyesomewa vitabu tangu akiwa mchanga, asiyehamahama na anayelala ameshiba huingia shule akiwa mbele, na shule huhesabiwa sifa ambayo kwa sehemu ni ya nyumbani kwake. Mwaka 2017 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sean Reardon, alionyesha kwamba watoto wa shule za umma za Chicago, ambazo wengi walizidharau, walikuwa wakisonga karibu hatua za miaka sita katika muda wa miaka mitano, kati ya darasa la tatu na la nane. Wastani wa alama zao ulikuwa chini, lakini walimu wao walikuwa wakifanya kazi kubwa. Sisi tulikuwa tukisoma nyota za ufaulu peke yake. Tulikuwa tukiwapima majirani mifuko, tukidhani tunawapima walimu.

Hata hivyo tusiirahisishe hoja. Wapo wanaosema kwamba Mkristo wa kweli hapaswi kuchagua, abaki alipo na amtumaini Mungu. Hatukubaliani nao. Paulo alimwandikia Timotheo kwa ukali juu ya mtu asiyewatunza walio wake. Kwake huyo ameikana imani. Mtoto amekabidhiwa kwetu na Mungu, wala si sadaka tunayoweza kuitoa ili dhamiri zetu zipate raha. Kama shule haina usalama, kama mtoto anaonewa kila siku wala hakuna mkubwa anayesikia, mzazi aondoke, na asiombe radhi kwa mtu. Pia wapo ndugu wa ushirika wetu waliohamia vitongojini, watoto wao wakastawi, nasi tulimshukuru Mungu pamoja nao kwa moyo mweupe.

Lakini tulipofika kwenye habari za Lutu, katika Mwanzo 13, tulisoma na kunyamaza. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha wote. Abramu, aliye mkubwa, akamwachia mdogo achague. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akalichagua lote. Tangu utoto tumehubiriwa kwamba Lutu alikosea. Alikosea wapi? Mifugo inahitaji maji. Mtu mwenye ng'ombe kuangalia maji si dhambi. Tunadhani kosa lake lilikuwa kwamba hakuuliza lingine lolote. Hakuuliza ni watu gani wanaokaa kule, wala watu wake watakuwa watu wa namna gani wakikaa nao. Hakuuliza pia baba yake mdogo anabakiwa na nini. Daftari la Lutu lilikuwa na safu moja.

La kwetu lilikuwa na safu nne, lakini hata moja haikumhusu mtu mwingine.

Mtu anaweza kusema mfano huu haufai, kwa kuwa maji ya Lutu yaliondoka kwa Abramu, ila mtoto mmoja akikaa kwenye dawati la kitongojini hamnyang'anyi mtu kitu. Kwa mtoto mmoja ni kweli. Lakini fikiri juu ya wazazi wote wenye nafasi ya kuhudhuria mikutano, wenye Kiingereza cha kuandika barua, wenye ujasiri wa kumuuliza mwalimu mkuu maswali. Hao ndio wenye uwezo wa kuhama, na ndio wanaohama. Shule inayoachwa haipotezi mtoto peke yake, inapoteza pia sauti. Na kule wanakokwenda, pango linapanda kwa sababu kila mtu anapataka, mpaka linageuka ukuta. Mwaka 2011, katika mji wa Akron humu humu Ohio, mama mmoja alipatikana na hatia kwa kutumia anwani ya baba yake ili binti zake wasome katika wilaya jirani. Alilala jela siku tisa. Baadaye mwaka huo huo gavana aliyapunguza makosa yake kuwa madogo. Hatusemi uongo ni halali. Tunasema kwamba alichokitafuta mama yule kwa hati isiyo ya kweli, sisi tulikuwa tukikitafuta kwa dola 450 kwa mwezi, na watu wangetupongeza kwa kuwajali watoto.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wamarekani tu. Kwetu Tanzania tumeyafanya bila ramani. Asubuhi basi la njano la shule ya Kiingereza hupita mbele ya shule ya msingi ya serikali, ambako watoto wanaingia kwa miguu. Sisi wenyewe tulilipia basi lile. Mtoto wa jirani alikuwa akimpungia wetu mkono alipopita. Kwa miaka mitatu hatukuwahi kuuliza darasa lake lina wanafunzi wangapi. Halikuwa darasa la mwanetu.

Tulimpelekea daftari mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa mwalimu kwa miaka mingi huko Kongo kabla ya vita kumtoa. Tulimwamkia, akatukaribisha chai, akavaa miwani, akalisoma lote polepole. Kisha akauliza, "Wanangu, mmeshaingia ndani ya shule hizi?"

Tukasema, "Hapana, mzee. Tumeona ripoti."

"Mimi nilifundisha chini ya bati lililotoboka," akasema. "Mngeona ripoti yangu msingeniletea mtoto. Nendeni mkaone. Muulize mtu anayefagia. Yeye anajua."

Tukaenda. Shule ya kitongojini ilikuwa na maktaba ya kupendeza, na mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima. Hatukuona baya lolote. Tulipouliza kuna watoto wangapi ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani, alisema ni wachache, na kwamba mwalimu wao huja siku mbili kwa wiki. Shule ya jijini, ambako mtoto wetu wa kati alikuwa ameshasoma mwaka mmoja, kuta zake zilihitaji rangi. Mfagiaji tulimkuta kwenye korido, na tulimuuliza kama tulivyoagizwa. Akatuonyesha mlango wa chumba kimoja, akasema taa yake ndiyo inayozimwa mwisho kila siku. Kilikuwa chumba cha mwalimu wa watoto wageni. Tulipoingia, mwalimu yule alitoa faili la binti yetu bila kutafuta. Alijua kwamba anasoma vizuri akiwa peke yake na ananyamaza mbele ya wengine. Alijua hata jina la bibi yake aliyebaki Mwanza, kwa sababu binti yetu alikuwa ameandika habari zake. Sisi hatukujua kwamba ameandika.

Tukarudi nyumbani, tukaongeza safu katika daftari. Nani anamjua mtoto huyu? Amesogea kiasi gani? Atakaa na nani, na atajifunza kuwaonaje wasiofanana naye? Tukiondoka, tunaondoka na nini ambacho wengine wanakihitaji? Tukibaki, tutafanya nini zaidi ya kubaki?

Tulibaki. Hatuandiki hivi ili tusifiwe, kwa maana dola 450 ni nyingi kwetu, na hatujui tungeamua nini kama tungekuwa nazo kwa urahisi. Wala hatuna uhakika. Mtoto wetu mkubwa anaingia sekondari, na huko mambo ni mengine. Huenda mwakani tukalifungua daftari tena. Siku moja anaweza kutuuliza kwa nini hatukumpeleka kule walikokwenda rafiki zake, na hatutakuwa na jibu ila kwamba tulipima, tukaomba, tukachagua tukiwa na upendo na hofu pamoja.

Lakini swali la mwisho katika daftari lilitudai. Mmoja wetu sasa huhudhuria mikutano ya wazazi, hata akitoka zamu ya usiku na macho yamevimba. Mwingine huwasindikiza akina mama waliofika karibuni kuandikisha watoto, kwa kuwa fomu ni nyingi na mkalimani hapatikani kila mara. Na mmoja wetu, aliyekwisha kupata uraia, hupiga kura za kodi ya shule, akiwafikiria pia watoto wasio wake.

Habari za Lutu, tunapoisimulia, mara nyingi tunaikata mapema. Sura inayofuata inasema wafalme walikuja wakamteka, naye Abramu alipopata habari hakusema kwamba kijana alijichagulia mwenyewe. Alichukua watu wake 318, akawafuatia usiku, akamrudisha. Kuchagua kuliwatenganisha makao, lakini hakukukata undugu.

Pengine hapo ndipo jibu linapokaa kwa ushirika kama wetu, wenye waliohama na waliobaki. Aliyehama asiseme waliobaki hawawajali watoto wao. Aliyebaki asiseme waliohama wamemkimbia Mungu. Jumapili iliyopita familia moja iliyohamia kitongojini ilikuja na sanduku la vitabu ambavyo watoto wao wamevimaliza, wakauliza shule yetu inahitaji nini kingine. Tulikaa nao kwenye chai tukaandika orodha, katika daftari lile lile, upande wa nyuma.