Nywele za Katani

Huku Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, tangu Heru ya Kasulu hadi Muhambwe ya Kibondo, mwanasesere wa mtoto hakutengenezwa ili adumu. Msichana alichuna ganda kavu la mgomba, akalikunja, akalifunga kiuno kwa kamba ya ganda hilohilo, akambeba mgongoni kwenda naye kisimani. Mwingine alichukua hindi bichi, ndevu zake zikawa nywele. Mvua ikinyesha, mtoto ameoza. Mbuzi akipita, ameliwa. Kesho anafungwa mwingine, wala hakuna aliyeomboleza.

Ndiyo maana mwanasesere wa bibi yetu ni wa pekee. Umri wake unakaribia miaka 70. Urefu wake ni shubiri moja. Ndani ni maganda ya mgomba, juu amevikwa amerikani iliyokuwa nyeupe na sasa ina rangi ya chai, maana kwa miaka mingi amekaa darini juu ya meko pamoja na mbegu za mahindi. Moshi uliombadili rangi ndio uliowazuia wadudu wasimle. Macho ni mishono miwili ya uzi mweusi. Mdomo hana, uzi uliisha. Mkono wa kushoto ni wa amerikani, wa kulia ni wa kitenge chenye maua. Na nywele zake ni za katani.

Katani hiyo haikutoka milimani kwetu. Ilitoka Kimamba, wilayani Kilosa, na iliyoileta ni njaa ya kodi. Wakati wa Mwingereza vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge katika mashamba ya Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa moja ya sehemu walizozitegemea sana. Mtu aliandikwa, akapewa namba, akapandishwa treni ya reli ya kati. Ndipo wakaitwa manamba.

Baba yake bibi alikuwa mmoja wao. Alimwacha binti akiwa bado ananyonya. Aliporudi, alimkuta anachota maji. Alikuja na blanketi, kaptura, na sanduku la bati lisilo na kufuli, limefungwa kwa kamba ya katani. Binti alipomwona mwanamume yule akiingia uani, alikimbilia migombani na kukataa kutoka. Siku zikapita, baba akimwita, mtoto akijificha nyuma ya mama.

Mama hakumchapa, wala hakumwambia, "Msalimie baba yako." Alishona mwanasesere, akamwacha na kipara, akamkabidhi binti. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika uani kote kwamba nywele zimo kwenye kamba ya sanduku, na mwenye kamba ndiye anayejua kuifumua. Jioni ile baba na binti waliketi chini, wakafumua kamba uzi kwa uzi. Bibi anasema alimtazama kwanza vidole, vilivyojaa makovu ya miiba ya mkonge, kabla hajathubutu kumtazama uso.

Vitabu vya historia vimehesabu tani za katani na idadi ya vibarua, na hesabu hizo tunazihitaji. Lakini watoto wangapi Kasulu na Kibondo waliwakimbia baba zao uani? Hilo halikuandikwa katika daftari la shamba lolote. Kwetu limeandikwa kichwani mwa mwanasesere huyu.

Mengine nitayapitia kwa ufupi. Ilipokuja Operesheni Kigoma mwaka 1972 na watu wakahamishiwa vijijini, mwanasesere alisafiri ndani ya kikapu cha maharage. Mkono wa kulia ulipatikana mwaka 1993. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 21 mwaka ule, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, hivyo waliofika kwa bibi hawakuhitaji mkalimani kuomba maji. Alikuwamo mama mmoja na binti yake mdogo. Mtoto yule alilala na mwanasesere usiku baada ya usiku, akimng'ang'ania hata mkono ukang'oka. Kabla hawajapelekwa kambini, mama yake alikata pindo la kitenge chake, kile alichovuka nacho mpaka, akashona mkono mpya. Kitenge cha pili hakuwa nacho.

Miaka ile ya wakimbizi, wageni wengi walipita Kibondo. Mmoja alimwona mwanasesere, akampenda, akataja bei nzuri. Bibi alimuuliza swali moja tu: "Huko kwenu mtu akikuuliza huyu ni nani, utamjibu nini?" Mgeni alikuwa muungwana. Alimrudisha kwa mikono miwili.

Swali hilo lina uzito kuliko bei. Wakusanyaji wa wanasesere wa kale wa kaure waliotengenezwa Ujerumani huinua nywele kwanza, watazame nyuma ya shingo, maana ndipo kiwanda kilipogonga alama yake. Bila alama, mara nyingi thamani hushuka. Nasi tunao wa kwetu waliokwishapotezewa alama. Mwana hiti wa Wazaramo na Wakwere, yule wa mti aliyekabidhiwa mwali awapo ndani ili ajifunze kulea, leo yumo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mara nyingi kibao chake kinataja kabila, basi. Mwali aliyemlea ni nani? Alimpokea kwa mama yupi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa naona mali imepatikana, habari ndiyo iliyopotea.

Bibi alilijua hilo. Nguvu zilipoanza kumwishia, wajukuu tulikusanyika, na karibu kila mmoja alikuwa na hoja yake ya kumrithi mwanasesere: huyu ndiye mkubwa, yule ana kabati la vioo Dar es Salaam. Bibi alimlaza mwanasesere juu ya mkeka, akatutaka kila mmoja asimulie. Wengine waliijua Kimamba bila kuujua mkono. Mmoja alidhani mkono wa kwanza uliliwa na panya. Aliyesimulia yote, hata jina la yule mama wa Burundi ambalo sisi wengine tulikuwa tumelisahau, ni mjukuu aendeshaye bodaboda Kasulu mjini, ambaye hakuwa ameomba chochote. Akapewa yeye. Baadhi walinung'unika kwamba mwanasesere ni urithi wa wasichana. Mimi naona ilikuwa hukumu ya haki, maana mtunzaji halisi ni yule aliyekuwa akikaa na bibi jikoni akimsikiliza.

Nawe msomaji, kwenu kuna kitu cha namna hii: mtungi, kigoda, picha yenye mikunjo, kitambaa ndani ya sanduku. Kama mwenye kukijua bado yu hai, mwendee mwezi huu na daftari la mistari. Andika nani alikitengeneza, kwa ajili ya nani, kilivunjika lini na nani alikishona. Kama uko mbali, piga simu, mwombe kijana aliye nyumbani aandike. Na kama familia yenu ilimpokea mkimbizi au ilipokewa ukimbizini, liandike jina la mwenyeji na la mgeni pia.