Adabu ya Kuomba, Haki ya Kukataa

Kwa wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali hapa Tanzania, ombi la kwanza la adabu tulilolitamka kwa Kiingereza lilikuwa la kwenda chooni. "Teacher, may I go out?" Lilitoka kwa mkupuo kama neno moja, na mtoto aliyelisema hakujua hiyo "may" ni kitu gani. Ila alijua jambo moja, tena kubwa kuliko sarufi: mwalimu anaweza kusema hapana. Ndiyo maana aliomba, hakujitokea tu.

Ukubwani tunakutana tena na somo lilelile, safari hii kwenye vitabu vyenye picha za rangi. Kuna sura ya kuomba na kumkaribisha mtu kitu. Inaanza na "can you", inapanda "could you", inafika "would you mind". Mwalimu anasema: ukitaka adabu weka "please", ukitaka adabu zaidi panda ngazi. Yaani adabu inakuwa kama sukari kwenye chai, unaongeza vijiko kulingana na mgeni. Kwa anayeanza, hiyo inatosha kumvusha. Lakini swali linabaki: tukimwomba mtu kwa adabu, tunampa nini hasa?

Tuangalie Kiingereza kinafanyaje. "Could you open the window?" ukiichukua kama ilivyo, ni swali kuhusu uwezo. Kwani kuna anayetaka kujua kama mikono yako ni mizima? Halafu "could" ni umbo la wakati uliopita, wakati dirisha linatakiwa lifunguliwe sasa hivi. Ni kama mwombaji anarudi nyuma hatua moja ili asikubane. "Would you like some tea?" nayo inauliza kama ungependa, haisemi kunywa. Hata "please" imetokana na maneno marefu zaidi yenye maana ya "ikikupendeza". Ukiyakusanya yote, kazi yake ni moja: kuacha mlango wazi, ili uweze kusema hapana na msigombane.

Zamani Kiingereza kilikuwa na njia nyingine pia. Mtu mmoja wa karibu, au wa chini yako, uliweza kumwita "thou". Mkubwa ulimwita "you". Karne ya 17, Wakristo walioitwa Quakers, wakiongozwa na George Fox, wakaamua kila mtu ni "thou", awe hakimu au mchunga kondoo, kwa kuwa mbele ya Mungu watu ni sawa. Wakatukanwa, wengine wakapigwa. Mwishowe "thou" ndiyo iliyokufa na kila mtu akawa "you". Usawa ulikuja, lakini kwa kumpandisha kila mtu. Kuanzia hapo huwezi kumheshimu mtu kwa kumwita "you", maana hata mbwa wako ni "you". Heshima lazima uionyeshe kwingine, na mahali pamoja ni hapo kwenye "could" na "would".

Sisi heshima yetu iko wapi? Iko mlangoni. Unapiga hodi, unasalimia, unamwita mtu kwa nafasi yake: mama, shangazi, kaka, mzee. "Shikamoo mama. Habari za hapa? Naomba chumvi kidogo." Ukifika kwenye chumvi, kazi kubwa imeshafanyika. Umeshamwona mtu kabla ya kuona chumvi yake.

Sasa hapo ndipo balaa linapoanzia. Mgeni anashuka stendi Arusha, anamwendea mama muuza ndizi: "Excuse me, could you tell me where the bank is?" Sarufi safi kabisa. Mama anaelekeza, lakini moyoni anasema mtoto huyu hakufundwa, hata salamu hana. Upande wa pili, kijana wa hotelini Zanzibar anamwamkia mgeni vizuri, anatabasamu, anauliza, "You want tea?" Mgeni anaona huduma ni mbovu. Kila mmoja ana adabu yake, ila ameiweka mahali ambapo mwenzake haangalii. Na hukumu inayotolewa si kwamba "sarufi yake haijakaa sawa". Inatolewa juu ya tabia: huyu ana dharau, huyu mkorofi. Mtu anaweza kukosa kazi kwa sababu ya "would" moja. Anayefundisha somo hili ajue ameshika kitu kizito.

Kwenye kukaribisha, tofauti ni kubwa zaidi. Neno letu "tafadhali" limetoka Kiarabu, na huko Waarabu hulitumia hasa wanapotoa: pita, kaa, chukua. Sisi tukalihamishia kwenye kuomba, na kazi ya kutoa tukaipa "karibu". Anayekula akikuona unapita anasema karibu. Hakuulizi kama una njaa, maana kumuuliza mgeni "utakula?" ni kama kumlazimisha akiri shida yake. Wewe unajibu "asante" au "starehe", na wote mnajua maana yake ni endelea. Ndiyo maana anayeanza Kiingereza akiulizwa "Would you like some more?" anajibu "Thank you" akimaanisha ameshiba, na anashangaa sahani inajazwa tena.

Kwa hiyo nani yuko sahihi, anayeacha mlango wazi au anayekuingiza ndani? Nikisema ukweli, namna zote mbili zinaweza kudanganya. Bosi anayekwambia Ijumaa jioni "Could you stay a little longer?" hajauliza kitu. Hiyo ni amri iliyovaa tai. Na kwetu, mwenye nyumba anayemwambia dada wa kazi saa nne usiku "mdogo wangu, naomba maji", dada ambaye ameamka saa kumi na moja alfajiri, naye hajaomba. Kipimo si neno lililotumika. Kipimo ni kinachotokea yule mwingine akisema hapana. Akinuniwa, akikatwa mshahara, akiitwa mjeuri, basi lile halikuwa ombi tangu mwanzo.

Utaniambia: mbona kuna maombi ambayo hayafai kukataliwa? Kweli. Jirani anayekugongea usiku na mtoto mgonjwa mgongoni hahitaji "would you mind". Ukaribu wetu una uzuri wake, na mtu akizungumza na mama yake mzazi kwa "ungeweza kunipatia" kila siku, watu watauliza wamegombana nini. Hilo nalikubali kabisa.

Lakini ukaribu huo tunaulipia. Kwa sababu "hapana" ni tusi, tumejifunza kusema ndiyo ya uongo. Fundi cherehani anajua kabisa nguo yako haitakuwa tayari kabla ya Idi, lakini anasema "njoo kesho". Ndugu anaombwa mkopo asiokuwa nao, anasema "tutaangalia". Wote wanaona wametunza heshima. Aliyeomba anapoteza siku tatu za kwenda na kurudi, na mwisho anapoteza imani. Hapana ya upole siku ya kwanza ingemheshimu zaidi, maana ingemchukulia kama mtu mzima anayeweza kuupokea ukweli na kupanga mambo yake.

Ndiyo maana naona sura ile ya kitabu imefundishwa nusu kama inaishia kwenye "could you". Kijana anayeandaliwa kwenda kuhudumia wageni anakaririshwa "Would you like", "Can I help you", "Of course, sir". Afundishwe siku hiyohiyo na "I'm sorry, I can't", aiseme kwa sauti, aisikie ikitoka kinywani mwake bila kutetemeka. Adabu inayojua kuomba na kukubali tu ni adabu ya mtumwa.

Na anayejifunza Kiswahili naye afundishwe salamu kabla ya maombi, ajue kwamba huyu mwenye ndizi ni mtu, si kibao cha kuelekeza njia. Kumwona mtu kwanza, kisha kumwachia nafasi ya kukataa: hayo mawili yakikutana, hata "naomba maji" iliyo kavu kabisa itasikika vizuri.