"Sori" Yako Ni Ipi?



Hapa kwetu Kaloleni, Kisumu, neno la Kiingereza lisilokauka midomoni ni "sori". Mtoto akijikwaa kizingitini, tunamwambia sori. Jirani akifiwa, sori. Asiyesikia vizuri huuliza, "Sori?" Na mume aliyerudi usiku wa manane husema sori, kisha huuliza chakula kiko wapi.

Neno lenyewe ni la kale. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walisema "sarig", yaani mwenye maumivu, kutokana na neno lao la kidonda. Kwa asili, basi, aliyesema sori alikuwa akisema: mimi naumia.

Sisi tulikuwa na maneno mawili tayari. "Pole" ni la kumfariji aliyeumia, na "samahani", lenye asili ya Kiarabu, ni la kuomba msamaha. Pole husema hata asiye na kosa. Samahani husema mkosaji. (Kijaluo kina "mos", na ukisema mos mos unapata polepole, sawasawa na Kiswahili! Jambo hili hunifurahisha sana.) Sasa sori limeyameza yote mawili, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkosaji anaweza kulitamka kama mpita njia aliyekuta ajali.

Nasema kwa kuwa yalinipata. Niliwahi kuchukua shilingi 4,000 kutoka mkebe wa mke wangu, mtaji wake wa kuuza omena soko la Kibuye, nikamkopesha ndugu yangu. Asubuhi wenzake walikwenda Dunga kununua samaki, yeye akabaki nyumbani. Jioni nikamwambia sori, jicho langu likiwa kwenye redio.

"Sori ya nini, Katekista?" Huniita hivyo akikasirika. "Ni mimi niliyejikwaa, au ni wewe uliyechukua?"

Nilikosa jibu. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto kwamba Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulitaja matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, ungamo na malipizi. Padri hanioni nikiingia kitubioni na kusema "sori" tu na kuondoka. Mbona mke wangu nimletee hilo?

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliwakumbusha wana ndoa mara nyingi maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Aliyaweka pia katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016. Wewe unayesoma, mume au mke, ukifika kwenye lile la tatu, litaje kosa kwa jina lake. Usiseme "kama nimekuudhi". Unajua umemuudhi. Na kama kuna cha kurudisha, sema utakirudisha lini.

Mtume Paulo aliwaonya Waefeso jua lisichwe wakiwa na hasira. Kwetu majua mawili yalikwisha kuchwa. Jioni ya tatu nilizima redio. "Nilichukua shilingi 4,000 zako bila kukuuliza," nikasema. "Umepoteza soko la siku tatu kwa ajili yangu. Nitarudisha 1,000 kila wiki. Nisamehe."

Hakusema neno. Alisonga ugali, akanipakulia. Tulipokwisha kunawa mikono ndipo akaniuliza, "Wiki ya kwanza inaanza lini, Baba?"