Mvua Ikiharibu Safari, Nani Mwenye Kosa?

Hasara inapoingia nyumbani, neno la kwanza vinywani mwa watu ni hili: "Nani amelileta jambo hili?" Kidole hunyooshwa upesi, cha mume humwelekea mke, na cha mke humwelekea mume. Basi yafaa kuuliza kwa utulivu: je, kila aliyepata hasara ametenda kosa? Na je, kila aliyefika salama ametenda vema?

Watazameni mume na mke wa kijiji kimoja kando ya mto Lufira, katika Katanga ya Juu, wakienda Likasi mwezi wa Februari. Huko mama mzazi wa mke ni mgonjwa. Wana baiskeli moja, na juu yake wamefunga gunia la unga wa muhogo, wauze nusu wapate fedha ya dawa, na nusu wampelekee mgonjwa.

Katika nchi ile majira ya mvua ni tangu Novemba mpaka Aprili, na siku moja huwa na sura nyingi. Asubuhi ukungu hutanda. Jua likipanda, ukungu hutoweka na mbingu huwa safi. Kumbe jua lile lile ndilo linaloandaa mvua. Huipasha moto ardhi iliyolowa, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, na kugeuka wingu refu kama mlima. Ndiyo maana asubuhi njema mara nyingi hufuatwa na ngurumo alasiri. Tena mvua hiyo hainyeshi mahali pote: upande huu wa kilima maji yatiririka, upande wa pili njia ni kavu.

Kabla ya kuondoka, jirani aliwaambia, "Chukueni turubai langu." Mume akajibu, "Asante, ndugu yangu, mbingu ni safi leo." Mke alisikia, akanyamaza.

Saa nane mchana wingu likawakuta. Walipouona umeme, walihesabu mpaka ngurumo isikike, maana kila sekunde 3 ni kama kilomita 1; hesabu ilikuwa fupi. Hawakukimbilia chini ya mti mrefu uliosimama peke yake, kwa kuwa radi hupiga upesi kilicho kirefu. Mvua ikapita, jua likawaka tena, lakini unga ulikuwa umelowa wote. Jioni wakakuta kijito kimefurika, maji mekundu yakienda mbio. Kijana mmoja akaingia na mzigo kichwani, akavuka. Mume akataka kumfuata. Mke akasema, "Baba, tungoje maji yapungue." Wakangoja, na giza likawakuta ng'ambo ile ile.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Wewe ulikataa turubai, na unga wa mama yangu umeharibika." "Na wewe ulituzuia mtoni. Yule kijana sasa anaota moto mjini!"

Sasa tupime mambo matatu, moja moja.

La kwanza ni kuondoka asubuhi. Mgonjwa alikuwa akingoja, mbingu zilikuwa safi, na hakuna mtu ajuaye wingu litaangukia kilima kipi. Hapo hakuna kosa, hata kama mvua ilinyesha. Wahenga walisema: ajali haina kinga.

La pili ni turubai. Hili ni jambo jingine. Mtu wa Lufira aijua Februari tangu utoto wake. Mbingu safi za asubuhi hazimwambii neno juu ya alasiri, naye alijua hivyo. Kinga ilikuwako, ilitolewa bure, ikakataliwa. Wahenga wale wale walisema: dalili ya mvua ni mawingu, na mwezi wenyewe ulikuwa dalili ya kutosha. Hili ni kosa, nalo lingekuwa kosa hata kama mvua isingenyesha siku ile. Lakini mke aliyesikia akanyamaza ana sehemu yake. Kama hakutaka kumpinga mumewe mbele ya jirani, vema, hiyo ni adabu; ila njia ilikuwa ndefu, na hatua chache tu kutoka nyumbani angeweza kumwambia kwa upole, "Baba, turudi tulichukue."

La tatu ni kungoja mtoni. Kijana alivuka salama. Je, alikuwa na akili kuwashinda? Hapana. Maji ya kufika magotini, yakienda kwa nguvu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Kijana yule hakujua kina, wala hakujua mawe ya chini. Alipona, lakini kupona si ushahidi wa hekima. Mke alipoteza jioni moja, naye alitenda vema. Kama wangekufa maji wote wawili, mgonjwa angewangoja mpaka lini?

Basi kipimo ni hiki: mtu ahukumiwe kwa yale aliyoyajua, na yale aliyopaswa kuyajua, saa ile ya kuamua, asihukumiwe kwa yale yaliyotokea baadaye. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Anayesema, "Umepata msiba, kwa hiyo una hatia," hushindana na fundisho hilo. Kwa njia hiyo hiyo wajane na wazee wamesingiziwa uchawi, kwa kuwa tu mvua ilikawia au mtoto aliugua.

Hata hivyo hasara yabaki hasara, na lazima ibebwe. Wenye ndoa huibeba pamoja, aliyekosa na asiyekosa. Aliyekosa na aseme, "Nilikosa," mara moja, bila kutafuta kosa la mwenzake la kulifunika lake. Lakini mambo waliyoyaamua pamoja yasemwe kwa neno la wote wawili. Kati ya "uliamua" na "tuliamua" tofauti ni sauti moja ndogo mwanzoni mwa neno. Ninyi mnaojiandaa kwa ndoa, jizoezeni kuitamka sauti hiyo tangu sasa, siku zikiwa za jua.