Trofimo Aliyeachwa Mileto

Somo: 2 Timotheo 4:9–21

Sura ya mwisho ya Waraka wa Pili kwa Timotheo inaonekana kama orodha ya majina na salamu, na wahubiri wengi tunaipita haraka. Lakini ni barua ya mtu aliyesafiri sana, na imebeba mambo ya safari yanayotufaa wiki hizi za Majilio, wakati washarika wanakata tiketi za kwenda Kilimanjaro, Bukoba, Mbeya na Songea kula Krismasi na wazazi.

Paulo yuko kifungoni. Anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, tena afanye bidii afike kabla ya majira ya baridi. Anasema aliyebaki naye ni Luka, ambaye tunajua alikuwa tabibu. Halafu, kwa maneno machache kabisa, anataja kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa.

Trofimo alikuwa mtu wa Efeso. Na Efeso ndiko ambako, tukisoma Matendo 19, leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Mtume huyohuyo sasa anamwacha rafiki yake njiani, hawezi kuendelea. Hasemi kwamba imani ya Trofimo ilikuwa haba, wala hatafuti dhambi iliyofichika. Anaeleza tu kwamba mwenzake aliumwa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kila Desemba wako ndugu zetu wanaosafiri na kuacha dawa zao mezani. Wengine wameombewa, kisha wakaambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kumdharau Mungu. Mafundisho hayo si ya kweli na yanaua watu. Mwenye presha akiacha dawa, akakesha kwenye basi, akafika nyumbani akakuta ndafu na chumvi ya kutosha, anajiweka karibu kabisa na kiharusi. Mwenye sukari naye akumbuke kwamba mbege ni pombe, na tena ina sukari.

Lakini wengi hawaachi dawa kwa ajili ya mahubiri. Wanaziacha kwa sababu ya macho ya watu. Nyumbani mnalala wanne chumba kimoja, na begi lako linafunguliwa na kila anayetafuta chaja au mafuta ya kupaka. Shangazi anaona kopo, anauliza mbele ya wote, "Hizi nazo za nini?" Anayetumia ARV anajua swali hilo litakuja. Kwa hiyo anavimimina vidonge kwenye kopo la vitamini, au anavifunga kwenye karatasi ya daftari na kuvificha ndani ya soksi, au anaamua kupumzika dawa wiki mbili mpaka arudi mjini. Wiki hizo mbili mwili haupumziki. Virusi vilivyokuwa vimedhibitiwa vinaanza kuongezeka tena, na dawa ikirukwarukwa vinaweza kuwa sugu, ile dawa iliyokuwa ikimsaidia isimfae tena.

Basi naanza na ninyi wenyeji, mnaosubiri watoto kwa furaha. Mama, mwanao akiomba maji ya kunywa saa tatu usiku, mpe maji. Akitaka kula mapema kwa sababu ya sindano yake ya sukari, mpakulie, wengine watamkuta mezani. Begi la mgeni halipekuliwi, hata kama mgeni huyo ulimzaa wewe. Akikueleza hali yake, hiyo ni heshima kubwa amekupa, na isitoke kwenda kwa majirani. Asipokueleza, mpende hivyohivyo. Mara nyingi tunaomba pamoja wagonjwa wapone, kisha tunawafanya waone haya kumeza kile kinachowatibu. Hilo linaniumiza sana.

Nawe msafiri, pita kliniki kabla hujaondoka. Mwambie muuguzi wa CTC au wa kliniki ya sukari kwamba unasafiri, na mpaka lini, akupangie dawa za kutosha hadi utakaporudi. Chukua kadi yako. Dawa zikae kwenye mkoba unaoushika mkononi, zisiende kwenye buti la basi ambako kuna joto na mizigo hupotea. Insulini haipendi jua wala kuganda.

Kuna jambo jingine, dogo kwa sauti lakini kubwa kwa mateso. Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na abiria wengi wanaondoka Mbezi kabla jua halijachomoza. Akina mama wengi hawanywi maji tangu usiku, kwa sababu kuchimba dawa maana yake ni kushuka kando ya mashamba ya mkonge huku basi zima likikungoja. Mwili ukikauka kichwa kinauma na mkojo unachoma, na ukikaa saa nyingi bila kunyoosha miguu damu inaweza kuganda ndani ya mishipa. Wajawazito na wazee ndio wako hatarini zaidi. Kunywa maji kidogo kidogo. Basi likisimama Korogwe au Same, shuka utembee. Na bibi akiomba basi lisimame mahali penye choo, kondakta akimpuuza, abiria wengine msikae kimya. Mmoja hunyamazishwa, kumi husikilizwa.

Wako pia wanaoteremka. Mtoto aliyekulia Marangu au Makete, kwenye baridi isiyopendwa na mbu wa malaria, anapelekwa kwa mjomba Pwani au Tanga. Mwili wake haujazoea malaria kama wa binamu zake anaocheza nao, hivyo ikimshika inaweza kuwa kali haraka. Alale ndani ya chandarua kila usiku, hata usiku ule wa joto anaolalamika. Homa yenyewe huweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati ameshapanda mlima na kurudi shule. Hapo wengi husema ni mafua. Mpeleke apimwe, na umwambie mhudumu alikuwa wapi. Akipewa dawa mseto, azimalize siku zote tatu hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Namrudia Trofimo, maana wako ambao mwaka huu hawapaswi kusafiri kabisa. Daktari amekwambia upumzike, mimba imekuwa na matatizo, au mtoto anaharisha tangu juzi. Nyumbani watasema umewasahau, au umefulia, au mkeo ndiye amekuzuia. Maneno hayo yanauma, nami nawasihi wazazi msiyaseme. Anayebaki kwa sababu ya ugonjwa hajaikataa familia yake. Mpigieni simu mchana wa Krismasi, mumsikie anaendeleaje, mumwombee. Ataweza kuja Pasaka.

Ndugu zangu, tarehe 25 na 26 Desemba ni sikukuu, na kliniki nyingi za kawaida hazifanyi kazi siku hizo. Wiki hii zinafanya. Nendeni mkachukue dawa kabla ya kufunga mizigo.