Nati Iliyoshika Kutu

Wiki hii nataka tujiulize swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: mtu akishafunga moyo wake, tuna ruhusa ya kutumia nguvu kiasi gani kumfungua? Nauliza kwa sababu kwetu nyumbani tuko nalo. Kaka yangu mkubwa hajakanyaga boma tangu shamba la marehemu baba ligawanywe, miaka sita sasa. Kuna wazee wanaosema aitwe, akalishwe katikati ya watu, abanwe mpaka aseme yamekwisha. Mimi nimekataa, na wanataka sababu.

Kazi yangu ni kutengeneza pikipiki na skuta, kwa hivyo nitajibu kwa lugha ninayoijua.

Skuta ikiletwa na ekzosi inayovuja, mara nyingi shida iko kwa nati mbili ndogo zinazoishikilia kwenye injini. Zimechomwa na joto na kunyeshewa miaka mingi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana nati inajibana yenyewe bila mtu kuikaza. Kijana anayeanza kazi huchukua spana, anaiongezea kipande cha bomba ili apate nguvu, halafu anavuta. Kona za nati zinalika na spana inaanza kuteleza, ama bolti inakatika ndani ya injini. Hapo sasa kazi ya dakika kumi imekuwa ya siku nzima, kutoboa na drili.

Fundi mzoefu huanza polepole. Anasugua kutu kwa brashi ya waya, anatia mafuta ya kulegeza nati na kuyaacha, pengine usiku kucha. Anaigongagonga kando na nyundo ndogo ili kutu ipasuke, mafuta yaingie. Anachukua soketi ya pembe sita inayoshika kona zote kwa pamoja. Halafu anafanya jambo linaloshangaza watu: anaikaza kidogo kwanza. Ikishtuka tu, anailegeza robo mzunguko, anairudisha, anaongeza mafuta, anailegeza tena.

Na kuna nati ambayo haijashika kutu hata kidogo. Kioo cha kulia cha pikipiki nyingi za Yamaha kina thredi za kinyume. Ukizungusha ulivyozoea, unazidi kukaza, huku ukilalamika ati kioo ni kigumu. Kaka yangu ameambiwa asamehe mara nyingi sana. Sijasikia hata siku moja akiulizwa aliumia wapi.

Najua kuna mshirika atasema hii ni njia ya waoga: mnangoja, mnangoja, mpaka mtu anazeeka na uchungu wake. Ana haki. Nati ikiachwa bila mafuta inazidi kushika, na kukaa tu hakuwezi kuitwa subira. Mimi humpigia kaka simu kila Jumapili jioni. Tunaongea habari ya watoto na ng'ombe wake. Siku zingine ananijibu maneno matatu. Shamba silitaji mpaka alitaje yeye.

Lakini kuna swali zito zaidi. Nani analipa gharama ya kungoja? Nikimwambia mwenye skuta tuache mafuta yaingie mpaka kesho, ni yeye anayelala bila mapato, si mimi. Ni rahisi kuwa mpole kwa mfuko wa mwingine. Kwetu, anayelipa zaidi ni mama. Amezeeka, na kila Krismasi anauliza kama kaka atakuja. Kwa hivyo sikuamua peke yangu. Nilimuuliza kama tukubali kile kikao cha wazee. Akaniambia, "Msinivunjie mtoto." Tunangoja kwa sababu anayelipa amekubali kulipa.

Pale anayelipa hajakubali, mambo yanabadilika. Mke anayepigwa, mtoto anayelala njaa kwa sababu baba amekuwa mgumu, hao usiwahubirie habari ya mafuta ya usiku kucha. Gurudumu likiwa bovu na nati imekataa kabisa, fundi anachukua patasi anaipasua. Ila angalia anachopasua. Nati ni ya shilingi chache, mpya iko dukani; bolti anailinda. Vivyo hivyo mwenye kuumiza watu azuiwe leo, hata kama ni kwa chifu au polisi. Tumnyime nafasi ya kuumiza. Kumtukana na kumwaibisha mbele ya watu hakumsaidii aliyepigwa, na ni kuharibu kitu tutakachohitaji siku atakapotaka kubadilika.

Jambo la mwisho. Nati ikitoka, usiirudishe kavu. Safisha thredi, paka grisi. Ile ya ekzosi iwe ya kustahimili joto. Wengi wetu tuna watu ambao bado tunasikizana nao, na kwa sababu hiyo hatuwapigii simu. Hao ndio rahisi. Wiki hii chagua jina moja gumu na jina moja rahisi. Yule rahisi mjulie hali kabla hajashika kutu. Yule mgumu muulize swali moja tu, aliumia wapi, kisha unyamaze umsikize mpaka amalize, hata kama anayetajwa ni wewe.

Mbarikiwe.